Mama Alipotuchagulia Kilatini

Harufu ya karatasi iliyoingia moshi wa ubani hainipiti hivi hivi. Juzi niliingia duka moja la vitabu hapa Maskati, na mlango wa pili palikuwa na muuza ubani aliyewasha chetezo chake kizingitini, moshi ukawa unaingia taratibu na kukaa juu ya vitabu vipya. Nilisimama na daftari mkononi nikasahau kilichonipeleka. Nilirudi kuwa na miaka kumi, nyumbani kwetu Amerat, na Mama amevipanga vitabu vya Kilatini juu ya kitenga cha kufukizia nguo, anavigeuzageuza kama anavyogeuza kanzu za Baba siku ya Idi.

Msicheke. Vitabu vile vilitoka ng'ambo kwa posta, vimejaa harufu ya bohari na unyevu, na Mama aliamini kwamba mtoto hawezi kupenda kitabu kinachonuka. Kila kitabu kilichoingia kwetu mwaka ule kilifukizwa kwanza, ndipo kikafunguliwa. Vya hesabu, vya Kiingereza, vyote. Mimi nilikuwa najifunza huku nywele zangu zinanukia kama bibi harusi.

Mwaka ule Mama alikuwa ametutoa skuli, mimi na mdogo wangu Thuraya, akatusomesha mwenyewe. Yeye alikuwa mfamasia, akaacha kazi. Kusomesha watoto nyumbani lilikuwa jambo geni mtaani petu, na majirani walidhani ama tumefukuzwa au tunaumwa. Thuraya alikuwa na miaka minane na kigugumizi kikubwa. Neno lilikuwa linamkwama kooni, macho yakajifumba, shingo ikakaza, na wewe unayemtazama unajikuta umezuia pumzi. Wenzake darasani walimwiga. Mwalimu wake alikuwa akimruka kila zamu yake ya kusoma inapofika, na nadhani alifanya hivyo kwa huruma.

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake. Akiulizwa jina, najibu mimi. Akiulizwa umri, najibu mimi. Akianza hadithi namalizia, tena kwa mbwembwe. Watu wazima walinisifu kwa hilo, nami nilijiona dada mwema kupita madada wote wa Amerat.

Lakini nikwambieni ukweli, mimi skuli nilikuwa naipenda. Nilikuwa na marafiki wanne tuliokula pamoja kila siku, na nilikuwa wa mbele kusoma kwa sauti. Hakuna aliyeniambia kwamba tumetolewa kwa ajili ya Thuraya, ila mtoto wa miaka kumi si mjinga. Moyoni nilikuwa nangoja Mama ashindwe, nirudi. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Rusayl na kutoka alfajiri ili asikwame njiani, alikuwa amemkubalia Mama kwa sharti moja tu, kwamba Bibi aridhike. Bibi ni mama yake Baba, mzaliwa wa Unguja, na tulikuwa tukiishi naye nyumba moja. Neno lake Baba hakulivuka.

Hesabu na Kiarabu Bibi hakuvisemea kitu. Kilatini ndicho kilichozua maneno. Mama alipoulizwa cha nini, alijibu kwamba majina mengi ya dawa na ya viungo vya mwili yametoka huko, na tukija kusoma udaktari tutamshukuru. Jibu lilikuwa zuri, kila mtu akalimeza.

Aliagiza mitaala mitatu ili achague mmoja. Yeye mwenyewe hakujua hata neno. Na hapa ndipo pananistaajabisha mpaka leo, kwa sababu sijaona mtu mzima mwengine akifanya alichofanya yeye. Alikaa nasi mkekani akawa mwanafunzi. Kila mtaala tuliusoma wiki mbili, sote watatu tukiandika kwenye madaftari, kisha tunabadilishana na kusahihishana kwa kalamu nyekundu. Mama alikosa sana. Nilikuwa namtia mikato mikubwa bila huruma, naye akipata tatu kwa kumi anacheka, anasogea karibu yangu na kusema, "Haya mwalimu, nieleze pole pole." Alikuwa amesoma chuo kikuu, amesimamia famasi nzima, na sijamwona akiona haya mbele yetu hata mara moja.

Mtaala wa kwanza niliupenda mno. Ulikuwa na kadi za rangi na michezo ya kukimbizana kujibu: kadi inageuzwa, wa kwanza kutamka ndiye mshindi. Nilikuwa mshindi kila siku. Wiki mbili zilipokwisha Mama akaufunga na kuuweka juu ya kabati. Nilinuna siku mbili. Wa pili ulikuwa wa kuandika tu, majedwali na mazoezi, na Thuraya akapata kila kitu sawa, daftari lake safi kabisa. Nikajua huu ndio utakaochaguliwa. Mama akausifu, akampa mwanafunzi wake busu la paji, halafu nao akauweka juu ya kabati. Nilidhani amechanganyikiwa.

Mtaala wa tatu ulikuja na sidii. Ndani yake mwanamume na watoto waliimba vitenzi pamoja, amo, amas, amat, yaani napenda, unapenda, anapenda, wakienda na kurudi. Mama aliisikiliza asubuhi mbili, akaizima, akasema mahadhi yale hayamkai kichwani. Kesho yake akatusomea vitenzi vile vile kwa mahadhi ya chuoni, yale yale tuliyosomea juzuu za Kurani, na sisi tukaitikia huku tunayumba mbele na nyuma. Tulikivuta Kilatini kama tulivyofundishwa kuvuta Kiarabu, tukihesabu kwa vidole pa kurefusha na pa kupumzika. Mtu wa fani yake angetusikia angeshika kichwa. Thuraya alisoma nasi, na hakukwama. Halikunishangaza hilo, kwa kuwa hata chuoni hakuwa akikwama. Lilikuwa jambo linalojulikana kama rangi ya mlango wetu, hakuna aliyekaa kulifikiri.

Kasoro ya mtaala ule ni kwamba uliandikwa na Wakristo, kwa watoto wao, na kila baada ya masomo kadhaa palikuwa na ukurasa wa sala ya kanisani. Mama aliziona. Kuchana kitabu kwetu ni mwiko, basi akachukua sindano na uzi wa kofia, maana alikuwa mshonaji hodari wa kofia za Baba, akazishona kurasa zile mbili mbili pembeni kwa mshono mdogo mdogo. Alifanya hivyo mchana, mbele yetu, bila kujificha.

Mimi nilikichukua kitabu kile alasiri moja nikampelekea Bibi chumbani. Nilimwonyesha mshono. Nikamwambia ndani mna sala, Mama ameficha, tunasomeshwa Ukristo.

Nilijua si kweli. Nilijua pia kwamba hakuna neno jengine ambalo lingenirudisha skuli kwa haraka kama lile.

Bibi aliweka tasbihi yake chini. "Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe, Bibi, kabla hazijashonwa."

Hakuniuliza zaidi. Jioni alimwita Baba chumbani wakazungumza, na Baba alipotoka alimwambia Mama kwamba Ijumaa, baada ya chakula, jambo hili likatwe. Kama Bibi haridhiki, wiki inayofuata watoto warudi skuli. Nilikwenda kabatini nikalitazama gauni langu la skuli. Nikalijaribu, likanibana kidogo kifuani, nikaona haidhuru.

Ijumaa ile palipikwa pilau na sikuwahi kuila pilau polepole vile. Sinia ilipoondolewa, Mama alileta kitabu na mkasi mdogo, akaviweka mbele ya Bibi.

"Kata uzi, Mama, uone mwenyewe. Nlizoshona ndizo sala zao. Ntakusomea maana yake moja moja, sikufichi kitu."

Bibi alikishika kitabu, akapitisha kidole juu ya mshono kutoka juu mpaka chini. "Umeshona vizuri," akasema, na mkasi hakuugusa. "Lakini mwanangu, vitabu vimejaa duniani. Kwa nini hichi?"

"Vyengine nnavyo viwili. Kimoja kinamtaka mtoto mwepesi wa kusema. Chengine hakitaki mtoto aseme kabisa."

Nililisikia jibu lile wazi wazi, nikaona halina maana. Baba akatugeukia sisi. Alituuliza kama tunataka kurudi skuli.

"Tunataka, Baba," nikasema. "Sote."

Thuraya alifungua mdomo. Shingo ikakaza, mkono wake ukawa unapiga paja taratibu.

"Na yeye anataka," nikaongeza.

"Zuwena," Mama akasema, "hajamaliza."

Hakupandisha sauti, lakini nilinyamaza. Tukangoja. Ilisikika mashine ya baridi tu, na gari moja ikipita nje. Baba alikuwa anatazama mkeka. Nilitamani kumtoa mdogo wangu katika mateso yale kwa neno moja, nililo nalo tayari ulimini, na Mama alinitazama kwa jicho lililonikalisha. Neno la Thuraya halikuja. Baada ya muda mrefu akafumba macho, akaanza kuyumba, na akasoma. Amo, amas, amat. Alisoma wakati uliopo, akasoma uliopita, akaingia ujao, kwa mahadhi ya chuoni, sauti yake nyembamba ikipanda na kushuka, na hakukwama popote. Baba, ambaye kwa miaka alikuwa akipewa sauti ya mwanawe vipande vipande, alivuta ncha ya kilemba chake akajifunika uso.

Bibi hakulia. Alikuwa ameinua kidole, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Thuraya alipomaliza Bibi akasema, "Kule katikati umekata pumzi kabla ya mahala pake. Rudia. Vuta mpaka mwisho, ndo upumue."

Hakujua hata neno moja la alichokuwa anasahihisha. Thuraya akarudia. Bibi akamsimamisha tena, akamrekebisha, akamtaka arudie mara ya tatu. Alipotosheka, alimrudishia Mama kitabu na mkasi wake.

"Hizo zilizoshonwa zisifunguliwe. Na miye ntakaa nanyi kila siku, nsikie mnasoma nini."

Basi mambo yakaishia hapo, na skuli sikurudi mpaka miaka miwili baadaye. Nililia msalani na maji yamefunguliwa. Bibi alitimiza ahadi yake, akawa anakaa kitini juu ya mkeka wetu kama msimamizi wa mtihani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anachagua mchele huku anaimba vitenzi vya Warumi kwa sauti ya chini. Katika masomo yale palikuwa na kanuni moja aliyoiweka Mama: anayesoma asikatizwe mpaka anyamaze mwenyewe. Nilidhani ni kanuni ya Kilatini.

Sikuwa daktari, wala Thuraya. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama tena, safari hii kwa utani, kwa nini alitusumbua vile. Alikuwa anamenya vitunguu thomu. Alisema, "Kiarabu kina wenyewe. Kiswahili kina wenyewe, na Kiingereza vivyo hivyo, na wote wana haraka. Mie nlitafuta lugha ambayo hapana mtu wa kumhimiza mwanangu."

Hata hapo nilielewa nusu. Nilimstaajabia Mama kwa akili yake, nikawafikiria wale watoto wa skuli waliokuwa wakimwiga mdogo wangu, nikawakasirikia upya.

Mwaka jana Thuraya alikuwa ananipeleka Qantab kwa gari yake. Siku hizi ana kazi serikalini, anasimama mbele ya watu akazungumza, kigugumizi bado kipo na haoni aibu nacho. Njiani nilimtubia. Nilimweleza nilivyompelekea Bibi kitabu, na nilivyosema "sote" wakati yeye hajasema kitu. Kisha akafungua mdomo, neno likamkwama, na mimi nilijua kabisa anataka kusema kwamba amenisamehe. Nilijiuma midomo nisimsaidie. Tulipita mzunguko mzima wa barabara.

"Juisi ya embe," akasema.

Nikamwambia sijafahamu.

"Kila tulipokwenda mahali, ulikuwa ukiniagizia juisi ya embe. Mimi siipendi. Sijapata kuipenda hata siku moja."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo, nami nikacheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Miaka mingapi aliinywa, ananitazama, hana njia ya kuniambia? Na mangapi mengine niliyomsemea? Mama alikuwa akimkinga mwanawe na watu wenye haraka, na wa kwanza wao nilikuwa mimi. Alinikalisha kwenye mkeka ule ule, akanifundisha kungoja, akaniacha nimsahihishe yeye kwa wino mwekundu, na mpaka leo hajanitajia.