Ukuta Usio na Namba ya Simu

Obiero mchoraji aliandika jina lake kila mahali brashi yake ilipogusa. Ukipita Kondele ukamwona kinyozi aliyechorwa kwenye bati, tazama kona ya chini: OBIERO ARTS, halafu namba ya simu. Mashua za Usenge zina namba hiyo. Bucha za Awasi zinayo. Geti lililoandikwa "Mbwa Mkali", na mbwa mwenyewe hayupo, linayo. Shangazi yake alipofariki kule Bondo, yeye ndiye aliyeandika msalaba: "Pumzika kwa Amani", na chini yake namba ya simu. Watoto wa marehemu walimkimbiza mpaka barabarani, naye anakimbia huku anauliza, "Sasa mtu akipenda herufi, atanipataje?"

Mimi naitwa Nakhungu. Nauza chai na mandazi hapa Kisumu, ng'ambo ya barabara kutoka hekalu la Wahindi, na wateja wananiita Mama Chai. Obiero ni mteja wangu wa kila asubuhi, kwa hiyo mambo yake nayajua, hata yale ambayo mkewe hajaambiwa. Mtu wa sifa yule! Wajaluo wana mtindo wanaouita pakruok: bendi ikipiga, unainuka, unawatunza wanamuziki pesa kidogo, muziki unasimama, unapewa kipaza sauti na kujisifu mpaka koo likauke. Jumapili alasiri pale ufukweni Dunga, Obiero akishika kipaza sauti, wapiga gitaa walikuwa wanatafuta viti. "Mimi ndiye Obiero! Nilichora samaki mbuta mpaka paka akalamba ukuta!" Mimi ni Mbukusu. Sisi tunajisifu bila kumtunza mtu.

Basi mwaka juzi hekalu likataka ukuta wake wa nje uchorwe, ule mrefu unaotazamana na meza yangu. Msimamizi wa kazi alikuwa Pushpaben, mama mzee wa Kigujarati, mwembamba, anayevaa raba za michezo chini ya sari. Ndiye anayepika chakula cha Alhamisi, kile cha bure anacholishwa yeyote anayepanga foleni, awe mtoto wa shule, awe mbeba mizigo, awe mlevi. Alitaka ukuta mzima uchorwe yungiyungi, yale maua yanayoelea ziwani, na sharti lilikuwa moja tu. Obiero alivuka barabara akaja kuniambia, macho yamemtoka.

"Mama Chai, ati nisiandike jina!"

"Jina tu, au na namba?"

"Vyote! Ukuta wote ule, watu wote hawa wanapita, halafu waulize nani kachora, ukuta unyamaze?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia aikatae hiyo kazi. Lakini sijui ulimwengu mzima una mchoraji gani anayeweza kuukataa ukuta kama ule. Akaikubali, na kutokana na namna alivyokuwa anatabasamu peke yake nikajua ana njama.

Kweli bwana. Siku chache baadaye Pushpaben alikuja kukagua, akavaa miwani, akasimama mbele ya chura aliyekaa juu ya jani.

"Fundi, huyu chura ana namba ya simu mgongoni."

"Ni chura wa siku hizi, Mama."

Yule mama alicheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akampa brashi, chura akapakwa mgongo upya. Kesho yake jina likapatikana kwenye mizizi. Likafutwa. Likajificha kwenye mishipa ya jani, likafutwa tena, na kila mara Obiero anapelekewa sahani ya wali na dengu bila neno baya hata moja. Mimi nilikuwa nasimamisha biashara nione nani atashinda.

Siku moja Obiero akamuuliza waziwazi. "Mama, wewe unapika kila Alhamisi na jina lako halitajwi. Kama sifa huzitaki na matokeo huyashiki, kwa nini usikae tu upumzike?"

"Nikikaa, nani atapika?" akasema. "Mikono ikimbie. Moyo ukae kitako. Kupika ni kwangu, kushiba ni kwao."

Obiero aliniletea maneno hayo akiyabeza. Nami nikambeza yeye, maana kwetu sote tunasema tenda wema wende zako. Tunasema tu. Nani anakwenda zake? Tunatenda wema, tunajificha kwenye kona tuone kama wameona. Nilidhani hata huyo Pushpaben ana kona yake.

Mpaka ile Alhamisi ya sufuria. Obiero alikuwa ameingia jikoni kuchota maji ya kuoshea brashi. Sufuria kubwa ya dengu, kazi ya tangu alfajiri, ikateleza juu ya jiko ikamwagika yote sakafuni, na foleni imeshafika nje. Obiero akangoja kelele. Angekuwa yeye angekuwa keshataja watu watatu wa kulaumiwa. Pushpaben akaitazama dengu ile, akasema "Haya," akachomeka sari kiunoni, akaanza kuosha dengu nyingine. Alikuwa anachambua mawe kwa umakini ule ule wa asubuhi, na anaimba.

"Hakununa hata kidogo, Mama Chai," Obiero aliniambia, na chai yake akaiacha ikapoa. "Na haikuwa kwamba hajali. Alikuwa anachambua kama kwamba ndiyo dengu ya kwanza duniani."

Tangu siku hiyo vyura wakakaa bila namba. Alichora akisahau kula. Mvua ikaosha kipande kizima kabla hakijakauka, mimi nikapiga mayowe kwa niaba yake, yeye akasema "Haya" na kuchanganya rangi upya. Nilimwona akimwaga maji kwenye jani la kweli aliloleta kutoka ziwani, matone yakibingirika na kuanguka, jani kavu, naye akarudia na kurudia. Akamaliza. Yungiyungi zile zilielea ukutani mpaka ukipita unatamani kukunja suruali usilowe. Kona ya chini palikuwa maji tu.

Watu wakaja kupiga picha. Maharusi wakaja. Na Wesonga akaja.

Wesonga ni mchoraji pia, mtu wa kwetu Uluhyani, na ndiyo maana hasira yangu ilikuwa mara mbili. Herufi zake zote zimelala upande kama zimekunywa. Alijipiga picha mbele ya ukuta ule akiwa na brashi mkononi, akaisambaza. Kufikia mwisho wa mwezi, nusu ya Kisumu inajua ukuta ni wa Wesonga. Nikamwambia Obiero aseme. Akaniambia, "Kwani maua yamenyauka?"

Sasa kulikuwa na Mzee Ridhwan, aliyejenga hoteli mpya ya samaki pale ufukweni. Siku ya ufunguzi, Jumapili alasiri, akaalika bendi na watu wote, na mimi nikaalikwa na mandazi yangu. Akatangaza kwamba fundi wa ukuta wa hekalu ndiye atakayechora hoteli yake yote, ndani na nje. Kazi ya kubadilisha maisha ya mtu! Wesonga akaruka, akawatunza wanamuziki, akasimamisha gitaa. "Mimi ndiye Wesonga, baba wa yale maua!" Watu wakapiga makofi.

Kisha Obiero akainuka. Wapiga gitaa wakaanza kutafuta viti, maana wanamjua. Akashika kipaza sauti, akatutazama, akamtazama Wesonga, ambaye alikuwa ametazama viatu vyake.

"Mimi ndiye Obiero," akasema. Tukangoja. "Na wimbo ule ulikuwa mtamu. Endeleeni kupiga."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kucheza. Yawa! Nilitaka kumrushia karai la mandazi. Nilimwendea pale pale nikamwambia mkeo na watoto watakula maua? Akacheka, akanishika mkono tucheze. Nilicheza naye, na machozi ya hasira yananitoka.

Wesonga akapewa kazi. Akachora. Yungiyungi zake zilikuwa kabichi, tena kabichi ya juzi. Obiero akasikia, akasema anakwenda kuangalia tu, na kuangalia kwake kukachukua brashi. Ati ua limeonewa, hawezi kuliacha hivyo. Akamwonyesha Wesonga jinsi ya kulilaza jani majini, wakafanya kazi pamoja mpaka kuta zikaisha, na Mzee Ridhwan akawa anamsifu Wesonga tu. Siku ya mwisho Wesonga akachovya brashi aandike jina lake. Akasimama. Akasimama sana.

"Andika, omera, ndugu yangu, rangi inakauka," Obiero akamwambia.

Wesonga akampa brashi. Obiero akaiosha.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mji una macho. Ukuta mzuri, hauna jina. Hoteli nzuri, haina jina. Wesonga aliyeshindwa kuandika, wote walimwona. Watu wakaunganisha, na siku hizi Kisumu ukiona ukuta wowote usio na jina unaambiwa, "Hiyo ni ya Obiero." Namba yake kila mtu anayo, imejaa kwenye mageti. Anasifiwa hata kwa ukuta uliopakwa chokaa na manispaa.

Alimwendea Pushpaben akilalamika, "Mama, nimeziacha sifa, zinanifuata!"

"Zisalimie," yule mama akasema, akichambua dengu, "halafu endelea na kazi."

Lakini Obiero ni Obiero, akatafuta dawa yake mwenyewe. Wiki iliyopita Wesonga alikuja kwangu asubuhi, simu inalia mfukoni, jasho linamtoka.

"Mama Chai, watu wananipigia tangu jana. Wananisifu kwa kinyozi wa Nyalenda, kwa duka la dawa, kwa mashua tatu. Nimekwenda kuona. Kazi safi, na chini imeandikwa WESONGA ARTS na namba yangu. Mimi nimevichora lini?"

Nikamtazama Obiero, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na andazi mdomoni, akiutazama ukuta ng'ambo ya barabara. Wesonga naye akamgeukia. Simu ikalia tena, na hakuipokea.

"Nitazifanyia nini sifa zisizo zangu, ndugu yangu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli.

Obiero akamsogezea sahani ya mandazi.

"Zisalimie," akasema. "Mimi nilizichoka."