Siku Nilipomsema Babu Mkutanoni

Nikisahau mengine yote, mwanangu, siku ile sitaisahau. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mpui, nami nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, mwandishi wa kamati ya kijiji. Kichwa kilinivimba, nakuambia kweli.

Aliyenilea ni babu mzaa mama, maana mama alifariki nikiwa mchanga. Babu alipigana vita vya Burma, akarudi na jeraha la risasi pajani. Alichechemea, lakini jembe lake halikujua kupumzika. Nilipougua surua alinibeba mgongoni hadi Sumbawanga, kwa mguu huohuo.

Basi, mkutanoni bwana shamba akataka shamba la kijiji, lile la mteremkoni, lilimwe matuta marefu. Babu akainuka. "Matuta ya kushuka na mteremko yatabebwa na mvua. Tulime ntumba." Ntumba ni vichuguu vya udongo vilivyofukiwa nyasi, kilimo chetu Wafipa tangu zamani.

Nikasimama mbele ya kijiji kizima. "Babu, vita vya mkoloni vimekwisha. Hayo ni mambo ya kizamani."

Vijana wakacheka. Babu akaketi. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile uliumiza.

Kesho yake Babu ndiye aliyetangulia shambani. Akalima matuta yaleyale aliyoyapinga, na yake yalinyooka kuliko ya vijana wote. Aliomba ukingo mdogo tu alime ntumba zake.

Tulipokwisha kupanda maharage, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Matuta yakabomoka, maharage yakasombwa mpaka bondeni. Ntumba za Babu zikabaki zimesimama.

Nilimkuta anapalilia. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekukosea."

Akaegemea jembe. "Kunipinga si kosa. Kosa ni kunifanya kichekesho. Burma niliona wakubwa wakikosea, sisi tukanyamaza, na wenzangu hawakurudi. Ndiyo maana siku hizi nasema mapema. Nikishasema, nashika kazi na wenzangu." Akatazama mteremko. "Kawaite wenzetu. Maharage ya pili bado yana wakati, na mbegu ninazo."

Kijiji kizima tukalima upya, safari hii ntumba, bwana shamba naye jembe mkononi, akiuliza na kujifunza. Mwaka ule tulivuna. Babu aliishi hadi akawabeba watoto wangu mgongoni, na alipofariki, wale vijana waliocheka ndio waliogombania kubeba jeneza lake.

Mwanangu, mkubwa anaweza kukosea, nawe ukiona kosa, sema. Lakini mpinge kwa heshima, kwa maana hujui alikopita. Na wengi wakikataa neno lako, usisuse. Kazi ni ya wote. Ikija kuonekana ulisema kweli, usiwacheke, wape mbegu.

Mungu akujalie mikono isiyochoka na kauli yenye adabu, na wajukuu wako walitaje jina lako kwa fahari.