Nimecheza Pambio Msibani

Jamani, leo nimeimba na kurukaruka kwenye msiba wa watu.

Mnajua tuko Thailand na timu ya kanisa, tumekuja kuhubiri. Asubuhi tumefika kijiji kimoja, tukakuta turubai, taa za rangi, maua kila mahali na watu wanakula.

Nikawaambia wenzangu, "Wapendwa, Bwana ametuandalia mkutano!"

Nikaanzisha pambio. Makofi, vigelegele, nikatikisa mabega kama Mgogo kamili.

Watu wakatutazama tu. Wengine wakatabasamu. Mimi nikajua tumepokelewa.

Katikati ya maua kulikuwa na picha kubwa ya bibi mmoja. Nikasimama pembeni yake nikapiga selfi. (Nimeshaifuta, msiniombe.)

Ndipo mkalimani wetu akanivuta mkono. "Dada, huyo bibi ndiye marehemu. Jeneza liko hapo nyuma ya maua."

Nikawaashiria wenzangu waache kuimba.

Mimi, mtoto wa Mpwapwa, nyumbani kwetu ukipita karibu na msiba hata redio unazima!

Mume wa marehemu akatujia, mzee mwembamba. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Pole sana. Tusamehe, hatukujua."

Mkalimani akamtafsiria. Mzee akajibu taratibu.

"Anasema mmetoka mbali sana kuja kumzika mke wake. Kaeni mle."

Tukakaa na wafiwa. Tukala. Biblia sikuifungua.

Sasa nipo chumbani, nashindwa hata kumpigia mchungaji.

Semeni ukweli: marehemu angekuwa mama yenu, mngetukaribisha chakula?