Madigadi ya Gari la Shemeji

Jina lake la kazini ni Msasa, na hakupewa bure. Fundi bodi huyu akikuta doa la kutu dogo kama punje ya dengu, atalisugua mpaka wenzake wafunge karakana na kumwacha humo. Ndiyo maana wiki ile aliwashangaza. Alishika brashi ya waya, akaiweka chini. Akaanza kupiga puti, akaiacha ikauke kwenye kibati, akaenda kusimama mlangoni kutazama mvua.

"Una nini wewe? Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga," mwenzake wa kupaka rangi akamtania.

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Mwaka uliopita dada yake, muuguzi mstaafu, alimletea gari la marehemu mumewe, gari la zamani lenye taa za mviringo, ambalo likipita watu husimamisha mazungumzo. Katika vyote alivyoachiwa, hakuna alichokipenda kama hilo. Kazi ilikuwa kuyakinga madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, na tope na kutu: kuosha kwa ndani, kukwangua, kuacha yakauke siku mbili, ndipo kupaka lami. Lakini siku hiyo mawingu yalitanda na magari mengine matatu yalikuwa yakimsubiri. Aliosha panapoonekana. Ule mkunjo wa ukingoni, ambako tope hujificha, aliupitishia kidole tu, akahisi unyevu, akajiambia lami itafunika. Ikafunika kweli. Dada alipoona weusi ule unang'aa alimkumbatia, na tangu hapo amekuwa akimsifia kwa kila jirani, mwenye gari na asiye nalo.

Sasa sifa hizo ndizo zilizomkosesha usingizi. Jumatatu alikuwa amebandua lami ya gari la mteja mwingine, iliyopakwa na fundi mwingine juu ya tope bichi vilevile, na bati likamomonyoka mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Jumamosi uvumilivu ulimwishia. Alitia bisibisi mfukoni, akaenda kwa dada yake. Alisalimia nusunusu, akalizunguka gari mara mbili, akachutama kwenye gurudumu la nyuma. Lami ilikuwa safi kama siku ile ile. Akabonyeza mkunjo kwa ncha ya bisibisi. Ikazama hadi kwenye mpini, na maji mekundu ya kutu yakamchuruzikia kiganjani.

Angeweza kuziba. Puti kidogo, mpako mmoja wa lami, nani angejua? Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alipogeuka, dada alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Mdogo wangu, umeangusha nini huko chini?"

"Dada, nimeliharibu gari la shemeji."

Akamwaga yote kwa mkupuo mmoja: haraka yake, unyevu alioushika kwa kidole chake mwenyewe, lami aliyoipaka huku akijua. "Kosa ni langu, si la mvua. Nitakata palipooza, nitachomelea bati jipya, madigadi yote manne."

Dada aliinama akatazama lile tundu. Msasa alitamani atukanwe tu, yaishe.

"Bati utaweka," dada akasema mwishowe. "Hilo halinisumbui. Lakini unajua shemeji yako alikuwa akikwangua tope hapo kwa kijiko, kila Jumamosi? Alipofariki nikaendelea mimi. Nilikuwa nakaa hapa chini na kijiko changu, naongea naye. Halafu wewe ukaniambia, dada pumzika, kwa lami hii huna haja ya kuosha tena."

Msasa akaifuta bisibisi kwenye suruali yake.

"Basi mwaka mzima huu, mdogo wangu, Jumamosi ikifika sijui pa kukaa."