Ukurasa Niliofutia Mikono

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, natazama chini hata kama niko peke yangu chumbani. Nimekuwa fundi hapa Mbulu kwa miaka mingi. Watu wananipa shikamoo barabarani, na nyinyi vijana mnaniletea pikipiki zenu mkiuamini mkono wangu. Basi ni haki mjue mkono huu uliwahi kufanya nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Nilikuwa najifunza ufundi kwenye gereji ya Fundi Boay, karibu na stendi. Fundi Boay alikuwa mtu mzima wa kijiji cha Tumati, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilikuwa na mwaka wa tatu pale. Nilishaweza kushusha injini ya Land Rover na kuirudisha ikawaka, kwa hiyo nikajiona nimemaliza. Nilikuwa naongea na wateja nikiwa nimeweka mikono kiunoni, hata wazee. Nikifikiria hilo tu, kabla hata sijafika kwenye habari yenyewe, najisikia vibaya.

Asubuhi moja yenye ukungu akaja Mwalimu Zuhura amekumbatia boksi kifuani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Tanga, aliyehamishiwa kwetu pamoja na mumewe. Mumewe, Mwalimu Hashimu, alikuwa anafundisha fizikia sekondari kule Endagikot. Alikuwa amefariki miezi saba kabla ya siku hiyo. Nusu ya mji ilikwenda kumzika.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia.

"Marahaba. Fundi mkubwa yupo?"

Fundi Boay akatoka chini ya gari akijipangusa. Mwalimu akaweka boksi juu ya meza na kulifungua. Ndani mlikuwa na gari la rimoti, la ile aina ambayo matairi yake ni makubwa kuliko mwili, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Siku hizi mnayaona dukani, lakini wakati ule nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Shemeji ya marehemu, baharia, ndiye aliyemletea. Kila tairi lilikuwa na shokapu yake, nyembamba kama kalamu, yenye springi nje na mafuta ndani, sawasawa na shokapu ya gari la kweli.

Mwalimu akatueleza. Mumewe alikuwa analipeleka gari lile darasani. Anapanga mbao juu ya matofali, analirusha, halafu anawauliza wanafunzi kwa nini halidundi kama mpira. Springi inarusha, alikuwa anawaambia, mafuta yanatuliza. Kila mwezi alikuwa anazifungua shokapu zote nne, anazifuta, anaweka mafuta mapya. Tangu afariki hakuna aliyezigusa, na sasa zilikuwa zimekwama. Darasa la mwisho alilofundisha lilikuwa linafanya mahafali ya kidato cha nne Jumamosi, na wanafunzi walikuwa wameomba kuliona gari la mwalimu wao kwa mara ya mwisho.

"Mafuta yake ni haya," akasema, akatoa kichupa kidogo. "Ndiyo yaliyobaki. Na hili ni daftari lake. Ameandika humu kila kitu cha kufanya. Naomba mlisome kabla hamjafungua chochote."

Daftari lilikuwa dogo, jekundu, limejaa mwandiko wa wino wa buluu. Alipoliachia mkononi mwa Fundi Boay niliona kama vidole vyake vinachelewa kutoka.

"Tutasoma, mwalimu," Fundi Boay akasema.

Kesho yake Fundi akaitwa Katesh, kwa mkulima mmoja wa ngano ambaye trekta lake lilikuwa limegoma. Kabla ya kupanda basi aliniita jina langu, akaniambia, "Safari, kazi ya mwalimu ni ya kwanza. Soma lile daftari, usikimbilie spana." Nikajibu ndiyo, fundi. Kisha nikaiacha kazi ile siku mbili nzima, nikifanya zilizonipendeza.

Ijumaa mchana rafiki yangu Petro akaja na pikipiki mpya. Tulikuwa tumepatana kwenda naye mnadani Dongobesh. Akasimama nje anapiga honi. Mwalimu angekuja kuchukua gari lake saa kumi, nami nilikuwa hata sijaligusa.

Nikalifungua lile daftari? Sikulifungua, mwanangu. Nilijiambia kitoto cha gari kama kile hakiwezi kunishinda. Nikazitoa shokapu, nikazifungua, nikatumbukiza kila kitu kwenye petroli, kama tunavyoosha vyuma vya pikipiki. Humo mlikuwa na vimpira vidogo vya duara, vyembamba kama uzi, ndivyo vinavyozuia mafuta yasivuje. Petroli ikavivimbisha. Viligoma kurudi mahali pake, nikavisukuma kwa ncha ya bisibisi. Nilihisi kimoja kinakatika. Nikasema moyoni, kitashika tu.

Yale mafuta ya kichupa niliyaona mepesi kama maji, nikayadharau. Nikamimina oili ya injini. Baadaye nilikuja kujua kwamba shokapu ndogo hujazwa polepole, unapandisha na kushusha pistoni mpaka mapovu yote yatoke, unaiacha imesimama kidogo ndipo unaifunga. Mimi nilijaza, nikafunga, nikakaza kwa koleo.

Mikono ilikuwa imejaa oili. Petro akapiga honi tena. Nikatafuta tambara sikuliona. Daftari lilikuwa pale kwenye meza. Nikachana ukurasa wa nyuma, nikafutia mikono, nikautupa kwenye pipa la takataka.

Ninachotaka ujue ni hiki: niliuona mwandiko. Sikuchana karatasi tupu kwa bahati mbaya. Nilikuwa na nafasi ya kupitisha jicho mstari mmoja, sikupitisha. Jioni ileile pipa lilichomwa, kama kila Ijumaa.

Mwalimu alipokuja nilimkabidhi boksi lake nikitabasamu. Akazibonyeza shokapu kwa kidole, zikashuka na kupanda. Akaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Nikapanda pikipiki ya Petro nikaenda zangu.

Jumamosi nilikwenda kwenye mahafali kwa sababu Mwalimu Zuhura alituma mtu kunialika. Fundi Boay alikuwa amerudi asubuhi ile, tukaenda pamoja kwa miguu. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, akina mama na vitenge vyao vizuri, wazee na mablanketi mabegani. Mwalimu akasimama mbele. Kabla hajafanya lolote akasema anataka kumshukuru kijana aliyelifufua gari hili, akataja jina langu. Nikasimama. Watu wakanipigia makofi. Mwanangu, niliyapokea makofi yale, nikapunga na mkono.

Mwanafunzi mmoja akashika rimoti. Gari likapanda ubao wa kwanza, likaruka, likatua, likadunda kama mpira. Watu wakacheka kwa furaha. Likazunguka, likapanda tena. Lilipotua mara ya pili shokapu ya mbele ikafumuka. Oili ikaruka, matairi yakatanuka pembeni, gari likalala kwa tumbo likilia bila kwenda popote.

Wanafunzi wengine walicheka. Halafu mmoja baada ya mwingine wakakumbuka lilikuwa la nani, wakanyamaza.

Mwalimu Zuhura akaenda akapiga magoti pale kwenye vumbi, akalizima, akaliinua. Oili ikachuruzika kwenye nguo yake nyeupe. Akageukia watu akasema, "Mtusamehe. Ni gari la zamani, limechoka." Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka alipo, na ningeweza kusimama kama nilivyosimama kupigiwa makofi. Sikusimama.

Fundi Boay alipita pale gari lilipoanguka, akagusa tone la oili chini, akalinusa. Tukarudi mjini. Tulipofika gereji akachukua kichupa cha mafuta kilichokuwa bado mezani, hakijapungua hata tone. Akachukua na daftari, ambalo kwa haraka yangu nilikuwa nimesahau kulirudisha, na mwalimu kwa furaha yake hakuliulizia. Akalifungua nyuma, akapitisha kidole kwenye mabaki ya ukurasa uliochanwa.

"Uko wapi?"

Nikasema labda panya.

Hakuwahi kunipigia kelele, na siku ile pia hakunipigia. "Safari," akasema, "kuharibu kazi kunanipata hata mimi. Lakini mama wa watu amesimama mbele ya mji mzima akabeba aibu yako, ukamwachia aibebe. Na sasa unamsingizia panya. Kesho utakwenda kwake. Mimi sitakusindikiza."

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Nikabisha hodi, akanikaribisha ndani, akaniwekea chai. Gari lilikuwa juu ya kabati, limefutwa. Nikampa daftari na kichupa kwa mikono miwili, nikamwambia yote: petroli, oili, kimpira kilichokatika. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto. Kisha nikamwambia habari ya ukurasa.

Akaacha kutikisa kichwa.

"Ukurasa upi?"

"Wa mwisho, mwalimu."

Akalifungua, akaona.

"Yeye alikuwa anaandika kila kitu humuhumu," akasema. "Anaandika habari ya mafuta, mstari unaofuata anaandika mvua imenyesha, au mimi nimepika nini. Tangu afariki nimekuwa nikisoma ukurasa mmoja kila Ijumaa. Nilibakiza huo mmoja. Sikutaka kuumaliza." Akafunga daftari. "Ulikuwa unasema nini?"

"Sikusoma, mwalimu."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hakuna ajuaye," akasema.

Nikamwambia nitalitengeneza gari upya, nitafuata vimpira hata Arusha, sitaki malipo. Akasema hapana, liache lilivyo. Hakunifukuza wala hakunitukana. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia niende salama. Mwezi Januari akapata uhamisho, akarudi Tanga na boksi lake. Sikumwona tena. Nilisema samahani, naye aliitikia, lakini samahani haikuweza kuleta hata neno moja la ukurasa ule.

Nimejifunza kutengeneza shokapu za kila namna tangu hapo, kubwa na ndogo. Mafuta sahihi, vimpira visiguse petroli, mapovu yatoke kwanza. Vijana wangu nawafundisha hayo na wanayajua. Lakini si hayo tu niliyotaka kukuambia.

Mwanangu, mtu akikuletea kitu akikuomba ukitunze, usikipime kwa ukubwa wake. Hujui ndani yake kuna nini. Akikupa maelekezo, yasome, hata kama unadhani unajua, kwa sababu huenda aliyeyaandika hayupo tena wa kuulizwa. Usifanye kazi ya mtu ukiwa na mguu mmoja nje. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema siku ileile, wewe mwenyewe, kabla mwingine hajasimama kukusemea. Ningesema Ijumaa ile saa kumi, pipa lilikuwa bado halijachomwa. Nimeyahesabu masaa hayo mara nyingi.

Nakuombea Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lisilo na haraka. Akujalie watu wa kukuamini, na akusaidie usiwatie hasara ya kitu kisichonunulika. Na siku utakapokosea, akupe miguu ya kusimama mbele ya watu. Nenda kwa amani, mwanangu.