Neno Shingoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto, niliamini kabisa kwamba mama yangu amebeba neno shingoni. Chini ya sikio lake la kushoto palikuwa na kivimbe. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya haragwe, na nilipofikia umri wa kwenda kuchota maji peke yangu kilikuwa kama yai la kuku. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake: mwanamke akimeza neno mbele ya wakubwa wa mumewe, neno hilo haliendi tumboni. Linakwama. Linaota.

"Na halikatwi," alikuwa akituambia huku akichambua maharage ya makande, kitambaa chake kimeshuka mpaka kwenye nyusi, kitambaa ambacho hakukivua hata wakati wa kulala. "Likikatwa litatoka, na likitoka nyumba itapasuka."

Juzi hapa chuoni, kwenye mdahalo, kijana mmoja aliyefunga tai alisimama akatuambia kuwa imani za namna hiyo zilikuwa hekima ya wazee wetu, zililinda amani ya nyumba. Watu wakapiga makofi. Haya, tufuate hoja yake. Kama wote waliamini kuna neno humo ndani, mbona miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyemwuliza mama ni neno gani? Walijua lipo. Walijua limemezwa mbele yao. Wakaona afadhali likae huko huko. Amani ya nyumba ya nani, bwana mwenye tai?

Kivimbe kikaanza kutoa maji, kisha harufu. Kanisani wanawake wakawa wanasogea kidogo kwenye benchi, kidogo tena, mpaka mama anabaki na pembe yake peke yake, akiimba. Baba alikuwa kwenye shamba la mkonge, upande wa Tanga, kwa hiyo aliyetusemea alikuwa kaka yake, baba mkubwa Eliamani. Mama aliomba ateremke Same, kwa daktari Mzungu aliyesifiwa kwa kuondoa vivimbe, chunjua na vinyama vya ngozi. Baba mkubwa akakataa. Akakataa tena. Alikubali siku harufu ilipomfikia akiwa anaandaliwa chakula.

"Dawa ya kupaka tu," akasema. "Kisu hapana."

Tuliteremka mlima alfajiri, watatu: baba mkubwa mbele, mama na shuka shingoni, na mimi nimebeba ndizi za njiani. Nilikuwa na shughuli yangu binafsi. Nilitaka kulisikia lile neno likitoka.

Kwenye kibaraza cha daktari tulimkuta mzee wa Kimasai mwenye kinyama kinachoning'inia kwenye kope, na msichana aliyeficha mikono yake iliyojaa chunjua. Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, Mpare mwenzetu ndani ya kaptula ya kaki, akatoka akaita, "Mwenye kivimbe shingoni!"

Baba mkubwa akasimama.

"Cha kwako kiko wapi, mzee?"

"Mimi sina. Ni huyu."

"Basi kaa, mzee wangu, usije ukakatwa wewe."

Kibaraza kizima kikacheka. Baba mkubwa hakukaa. Akaingia nasi.

Daktari alikibonyeza kivimbe kwa vidole viwili, akasema maneno machache. Dresa akatafsiri: ni mafuta tu yameziba chini ya ngozi, yanatoka leo leo. Kisha daktari akamtazama baba mkubwa. Si mama. Baba mkubwa.

"Anauliza, mzee, unakubali?"

Kila nikifika hapa damu inanichemka. Mtu aliyevuka bahari kuja kutufundisha usafi, ambaye angesikia habari ya neno lililomezwa angecheka mpaka miwani ianguke, anatafuta ruhusa ya shingo ya mama yangu mahali pale pale ambapo bibi angeitafuta!

"Sikubali," akasema baba mkubwa. "Tumefuata dawa ya kupaka."

Daktari akainua mabega, akageukia beseni kunawa mikono. Dresa alikuwa ameshafika mlangoni kumwita msichana wa chunjua.

"Shingo ni yangu," mama akasema.

Hakupaza sauti.

"Mama Nakunda, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha, shemeji. Shingo ni yangu. Akate."

Dresa akarudi akatafsiri. Sijui alichagua Kiingereza gani, ila daktari aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama usoni.

Wakakata. Mimi nilikuwa nimejibanza karibu na meza, nimetega masikio. Kwenye beseni kikaanguka kitu cheupe, kama uji ulioganda. Nikainama juu yake.

"Unatafuta nini, mtoto?" dresa akauliza.

"Neno."

"Hili bubu," akasema, akalifunika.

Nusura nilie. Neno lilikuwa limeshapita juu ya kichwa changu, nami nikawa nalisubiri kwenye beseni.

Nyumba ilipasuka kweli, bibi hakukosea. Baba mkubwa alitutangulia kufika, akautangazia ukoo kwamba mama amemvua nguo mbele ya Mzungu. Tukaambiwa tuhame uani kwao. Baba aliporudi alijenga ng'ambo ya korongo, na ni kutoka huko mama alinipeleka shule bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo nikisikia nyumba fulani imepasuka, huwa nauliza kwanza nani alikuwa amebanwa ndani yake.

Lakini kabla hatujahama, bibi alikuja jikoni siku moja mama akiwa bado na bandeji. Akaketi karibu naye sana. Akanong'ona, "Liliuma?"

"Kidogo tu, mama."

Bibi akatazama mlangoni, akainua kitambaa chake. Nyuma ya sikio palikuwa na nundu kubwa kuliko ya mama, kuukuu, inayong'aa.

"Twende nikupeleke, mama," mama akamwambia.

"Aa, mimi nimezeeka nalo," bibi akajibu, akafunga kitambaa.

Leo mama ana kovu jembamba shingoni, na kila akizungumza linasogea. La bibi tulilizika naye, na mlimani kote hakuna mtu awezaye kuniambia lilikuwa neno gani.