Jaafar Awasaidia Polisi

Mashine ya boti ilipopotea katika hoteli moja ya Ras Kitau, polisi walimwita Jaafar wa Mkomani, ambaye kazi yake ni kuvusha abiria wa ndege kutoka kisiwa cha Manda hadi mji wa Amu, yaani Lamu. Siku hiyo alikuwa ameonekana akifunga boti yake karibu na hoteli. Afisa alimkaribisha chai, akamuuliza maswali, kisha akamwambia, "Bwana Jaafar, utatusaidia katika uchunguzi. Usitoke Amu."

Jaafar, ambaye hata mkewe Sundus hakuwahi kumwomba shauri, alirudi kifua mbele. Akavaa koti juu ya kanzu, akaenda barazani kuwahoji majirani.

"Nawasaidia polisi," aliwaambia.

Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, na kila aliyeondoka Jaafar alimtilia shaka. Aliyewashinda wote kwa haraka ni shemeji yake Zaki, muuza halua, nduguye Sundus. Jaafar akampigia afisa simu. "Yule ana lake jambo. Ameacha kahawa moto!"

Kesho yake Radhiya, dada yao Sundus na Zaki, akapiga simu kutoka Mombasa huku analia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mwanamume mmoja wa Mkomani anawasaidia polisi katika uchunguzi wa wizi.

"Ndimi huyo!" alisema Jaafar kwa fahari.

"Shemeji, mimi ni karani wa mahakama. Maana yake wanakushuku, ila hawajapata ushahidi wa kukushtaki."

Jaafar aliketi sakafuni. Baadaye akaomba mto.

"Wa nini?" aliuliza Sundus.

"Huko ndani hawatoi mito."

Akajipeleka mwenyewe kituoni, mto kwapani, dua ya "Yaa Latif" mdomoni.

Afisa alipomwona alicheka hadi akashika meza. Kumbe maji yalipokupwa, mashine ilikuwa imekutwa matopeni mbele ya hoteli ileile. Haikufungwa vyema, ikachomoka yenyewe. "Nenda zako, Bwana Jaafar. Na umchukue mwenzako."

Kwenye benchi alikaa Zaki, kanzu imemkunjika.

"Tangu asubuhi wananihoji kahawa," alisema. "Kahawa, Jaafar! Nani aliyewaambia?"

Jaafar alijaribu kunyamaza. Walipofika katikati ya ndia ya nyumbani akashindwa, akakiri. Zaki hakumgombeza. Alimsimulia dada yake Sundus tu.

Chakula kilipotengwa, Zaki aliwekewa samaki mzima. Jaafar aliletewa wali mtupu.